Jina la mashua ya mtumba: namna ya kulitoa la zamani na kuweka jipya

Mleta mada ameuliza hivi: amenunua mashua ya mbao ya mita 9 huko Tanga, imeshatumika, jina la mwenyewe wa kwanza limechongwa omoni (mbele ya chombo) pande zote mbili. Anataka kuipa jina la marehemu mama yake. Mabaharia wawili wamemwambia kwamba jina likibadilishwa wao hawapandi. Je, ni mkosi kweli, na kama ni mkosi kuna namna?

Namna ipo, mkuu. Jina linabadilishwa, ila kwa mpangilio, na mabaharia wako wauone mpangilio huo kwa macho yao. Wasioutazama hawatauamini.

Hofu hii usiichukulie kama ushamba. Ina mizizi miwili inayotajwa. Wa kwanza ni wa mabaharia wa Ulaya na Marekani. Wao husema Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, ana daftari chini kabisa ya bahari, na kila chombo kimeandikwa humo kwa jina lake. Ukibadilisha bila kumfutia lile la kwanza, anakiona chombo asichokijua kikipita juu ya kichwa chake. Mzizi wa pili ni wa kwetu pwani, na hauna daftari. Kwetu chombo huzindikwa: kimesomewa, kimefukizwa, pengine kimewekewa fingo (kinga iliyofichwa chomboni) au hirizi, na vyote hivyo vimefungwa kwa jina la chombo na la mwenyewe. Baharia anayekataa kupanda anajiuliza kilichozindikwa kwa jina la fulani kitamlindaje yeye akiwa chini ya jina jingine. Hilo ni swali halali, lijibu.

Kuna na mzizi wa tatu ambao wazee hawautaji ila wanaujua vizuri. Chombo hubeba madeni yake. Katika sheria ya bahari, mishahara ya mabaharia isiyolipwa, gharama za uokoaji na hasara ya kugonga chombo kingine hukiandama chombo chenyewe hata kikiuzwa. Tangu zamani jina hubadilishwa haraka haraka na mtu anayekimbia kitu. Ndiyo maana jina jipya juu ya ubao mkuukuu huwatia watu shaka, nami nasema wana haki.

Kwa hiyo anzia kwenye madeni kabla hujagusa patasi. Waulize nahodha wa mwisho na mabaharia wake kama walimaliziwa haki zao, fundi wa kalafati (anayeziba maungio ya mbao kwa pamba) kama alilipwa, duka la vipuri, na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) pale chombo kilipokuwa kikipaki. Mkataba wa mauziano uandikwe, uwe na mashahidi, na uandike namba ya mashine, maana mashua huuzwa kwa mmoja na mashine kwa mwingine. Deni likijitokeza, limalizwe hadharani. Mabaharia wengi hulegea hapo hapo.

Wanaosema kubadili jina ni kuzama tu, mfano mkubwa uko Kigoma. Ile meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, iliingizwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imezamishwa, imebadilishwa jina, na imebeba vizazi vya watu wa ziwa lile. Kilichoinusuru ni grisi ya wale mafundi.

Tazama na upande wa huzuni. MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ilikuwa na majina mengine ilipokuwa Ugiriki. MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012, ilitoka Marekani na jina lake lile lile. Moja ilibadilishwa jina, nyingine haikubadilishwa. Ya kwanza ilijaza watu kupita kiasi, ya pili ilikutana na bahari chafu ya kusi ilhali ilizoea maji yaliyokingwa. Tuwaombee marehemu wale, na tusilitwishe jina mzigo ambao si wake.

Sasa kazi yenyewe. Panga muda kwa bamvua. Kwenye pwani yetu maji makubwa ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pandisha mashua kwa bamvua moja, uishushe kwa bamvua linalofuata, siku 14 au 15 baadaye. Hizo wiki mbili zinatosha, ila usiiache juani. Mbao zikikauka sana zinaachana na pamba ya kalafati inalegea. Weka kivuli cha makuti na uimwagie maji ya chumvi kwa ndani asubuhi na jioni, isipokuwa kwenye ubao unaotaka kuupaka rangi.

Kabla ya jina, tafuta fingo. Mahali pa kwanza ni chini ya guu la mlingoti, kwenye mwashiri (ubao wenye tundu la mlingoti). Ng'oa mlingoti, safisha tundu, tazama. Halafu angalia nyuma ya hanamu (ubao wa mbele unaokata maji) kwa ndani, chini ya shetri (sehemu ya nyuma) na kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo). Unaweza kukuta kitambaa chekundu au cheusi kilichoshonwa, karatasi ya maandishi, au sarafu. Sarafu isikutishe, kuweka sarafu chini ya mlingoti ni desturi ya kale sana. Merikebu ya Kirumi iliyofukuliwa Blackfriars, London, mwaka 1962 ilikuwa na sarafu ya kaisari Domitian kwenye tundu la mlingoti, upande wenye sura ya Fortuna, mungu wa bahati, ukitazama juu.

Ukikuta hirizi usiichome wala usiirushe baharini kwa hasira. Mpigie aliyekuuzia, umuulize ni ya nani na aje aichukue. Akikataa, mwite shehe au mzee anayeaminiwa na mabaharia wako (wako wewe, si wa mtaa mwingine) aitoe yeye. Wapo masheikh wanaosema hirizi ni shirki na haifai kubaki, wapo wazee wasiokubali hilo. Ugomvi huo si wako kuumaliza ufukweni. Unachotaka ni kwamba chombo kisibaki na kitu cha mtu mwingine. Na faida ya kung'oa mlingoti ni kubwa kuliko fingo: hapo chini maji ya mvua hutuama, na mwashiri huoza wa kwanza kabla ya mkuku (uti wa chini wa chombo) na taruma (mbavu zake). Chomeka bisibisi. Ikiingia sentimita moja bila kulazimisha, sahau jina kwanza, tafuta fundi.

Kulifuta jina la kuchongwa. Pima kina cha herufi. Zikiwa chini ya milimita 3, piga randa ubao mzima, si herufi peke yake, la sivyo utaacha bonde ambalo jua la jioni litalionyesha kila siku. Zikizidi hapo usizibe kwa puti. Ubao wa mashua huvimba na kunywea, puti hutoka vipande baada ya msimu mmoja, na jina la zamani linarudi likiwa limekamilika. Hakuna kitu kinachowatisha mabaharia kama hicho. Badilisha kipande cha ubao, au kama ni cha juu ya mstari wa maji, pachika ubao mwembamba wa jina juu yake kwa misumari ya shaba au ya mabati. Usitumie moto kutoa rangi karibu na maungio, pamba iliyolowa mafuta inashika haraka. Rangi ya mafuta iende juu ya ubao mkavu: praima mara moja, rangi mara mbili, siku nzima kati ya mkono na mkono. Ubao wenye unyevu utafanya malengelenge ndani ya wiki.

Wenye boti za faiba wana tabu nyingine. Stika inatoka vizuri kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, gundi inatoka kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa. Petroli usiguse, ni moto unaoutafuta. Lakini jina litabaki kama kivuli, kwa sababu jua limepausha jelikoti (tabaka la juu la faiba) pembeni na chini ya stika imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Piga msasa wa maji namba 800, kisha 1200, kisha 2000, halafu polishi. Kivuli kisipokwisha, acha. Jelikoti ni nyembamba, ukiendelea utatokea kwenye nyuzi. Paka rangi eneo lote.

Kisha tembea ndani ya chombo na ndoo, ukusanye kila chenye jina la zamani: maboya, jaketi okozi, makasia, madumu ya mafuta, tanga, daftari la safari, hata kishikizo cha funguo. Wazungu wana msimamo mkali hapa, na ni mzuri: kitu chenye jina jipya kisikanyage chombo mpaka la zamani limeisha lote. Sababu ya kawaida ipo pia. Boya lenye jina moja likiokotwa baharini na chombo kina jina jingine, watu watatafuta mashua isiyokuwepo.

Karatasi nazo zisichelewe. Mamlaka ya usajili wa vyombo Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA, na kwa chombo cha uvuvi muone pia afisa uvuvi wa halmashauri kwa ajili ya leseni. Peleka jina kabla ya kulipaka, maana msajili anaweza kulikataa. Namba ya usajili haibadiliki na jina, iache ilivyo. Kama una redio au kifaa cha dharura cha megahezi 406, badilisha taarifa zake pia. Hapo ndipo watu husahau, na hapo ndipo waokoaji huanzia.

Siku ya kushusha, mzungu huandika jina la zamani kwa wino unaoyeyuka kwenye kibati, akakidondosha majini kutoka omoni ili Poseidon alione likifutika. Humwaga mvinyo nusu ya chupa kutoka mashariki kuelekea magharibi, kisha huomba pepo nne: Boreas wa kaskazini, Zephyrus wa magharibi, Eurus wa mashariki, Notus wa kusini. Ukitazama, ni kaskazi, umande, matlai na kusi zetu. Kwetu mvinyo hauhitajiki. Yasin isomwe, ubani uwashwe omoni na moshi upitishwe mpaka tezi (nyuma ya chombo), na sadaka itolewe. Mbuzi mmoja na mchele kilo 10 hulisha watu 70 hivi, watoto wa ufukweni wale kwanza. Ukiwa huna uwezo, kahawa na tende vinatosha kabisa. Damu ya mbuzi kupakwa kwenye hanamu, muachie nahodha na shehe waamue. Epuka Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano (mwezi wa Safar), inayoaminiwa kuwa ya nuksi. Hata kama huiamini, wanaokusukumia chombo wanaiamini.

Jina jipya liwe fupi, silabi tatu au nne, litamkike mara tatu redioni katikati ya upepo. Majina kama Salama ni mazuri lakini yako kila bandari, ukiomba msaada watauliza Salama ipi. La mama yako ni zuri, ongeza la pili tu kama kuna linalofanana. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, uzikate kwanza kwenye karatasi ngumu. Usizifuate mbao, mbao za omoni zinapanda na jina litaonekana limeinama. Vuta uzi sambamba na mstari wa maji uliobaki kwenye rangi, kwa sababu mashua ikiwa ufukweni imelala upande.

Wale mabaharia wawili wasialikwe kama wageni. Mkubwa wao mpe patasi atoe herufi ya kwanza ya jina la zamani, na mdogo apake shahamu (mafuta ya kulinda mbao) upande wa omo kabla ya maji kufika. Ubao wa jina la zamani ukitoka mzima, usiufanye kuni. Ufunge kwa kitambaa safi umpelekee aliyekuuzia. Akiukataa, uweke nyumbani kwako mahali pakavu, mbali na chombo.