Mkiyageuza, Acheni Vitanda vya Juu

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mabehewa ya zamani yageuzwe hoteli, mkatutolea mfano wa Kruger Shalati huko Afrika Kusini: mabehewa yameegeshwa juu ya daraja la zamani la Skukuza, mto Sabie unapita chini, na bwawa la kuogelea liko huko huko juu. Vyumba 24 vya aina hiyo, tangu 2020. Jibu langu ni hapana. Behewa bila safari ni kontena lenye mapazia.

Sisi tuliopanda treni ya usiku ya Nairobi–Mombasa kabla reli mpya ya SGR haijaanza 2017 tunajua kulala ndani ya behewa ni nini. Nilikuwa bado mdogo, nikaruhusiwa kulala na mama chumba cha wanawake, daraja la pili, vitanda vinne. Mhudumu alipita kwenye korido akigonga kengele za chakula. Sisi tukafungua chapati na mayai yetu ya kuchemsha. Nikapewa kitanda cha juu. Tulipopita Sultan Hamud treni ikasimama kupisha ya mizigo, na mama mmoja wa Kikamba akaanza: “Hapo nyuma, Kima, simba alimtoa Mzungu ndani ya behewa.” Ni Ryall, ofisa wa polisi, mwaka 1900. Walikuwa watatu wakimvizia simba mla watu, zamu ikawa yake, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango, akatoka naye dirishani.

Mama yangu akainuka, akafunga dirisha. Joto lote lile, na hakuna aliyelalamika.

“Na wa kitanda cha juu?” nikauliza.

“Huyo alipona, mwanangu. Nipitishie chumvi.”

Sasa naona kinachonijia kichwani ni treni iliyosimama, si iliyokuwa ikienda. Na behewa lenyewe la Ryall limesimama Makumbusho ya Reli, Nairobi, na watu wanalipa kwenda kulitazama.

Haya, geuzeni. Ila msing'oe vitanda vya dabodeka mkaweka kitanda kimoja kipana cha maharusi, maana hapo nani atamsimulia nani? Vinne vibaki vinne (cha juu ni changu), bei iwe ya daraja la pili, na behewa lolote ambalo bado linaweza kuvutwa lirudi relini kwanza. Hoteli ichukue yaliyobaki, kama yatabaki.