Mtembezi atume vipimo, picha zije baadaye

Swali la juma hili limeuliza kama safari ndefu ya miguu, inayofuatiliwa kwa simu na intaneti, inaweza kumfundisha mwanafunzi aliyebaki darasani. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba mtembezi asimtafunie mwanafunzi kila kitu.

Paul Salopek, mwandishi wa habari Mmarekani aliyeanza kutembea kutoka Ethiopia mwaka 2013 akifuata njia walizosambaa binadamu wa kale, husimama kila maili 100, yaani takriban kilomita 160, akapiga picha ya ardhi na ya anga, kisha akamhoji mtu aliye karibu. Kinachonivutia katika utaratibu huo ni kurudiwa kwa jambo lilelile mahali tofauti, maana ndipo ulinganisho unapowezekana.

Sisi wa Bagamoyo hatuna haja ya kuazima njia. Ile ya misafara ya pembe na watumwa, kutoka Ujiji kupitia Tabora, Kilimatinde na Mpwapwa hadi pwani, ina urefu wa takriban kilomita 1,200. Mwalimu akiifuata kuelekea bara, aanze na jua. Saa zetu za ukutani ni zilezile nchi nzima, lakini jua halizifuati: Ujiji iko magharibi ya Bagamoyo kwa nyuzi tisa na kidogo za longitudo, na kwa kuwa kila nyuzi moja ni dakika nne, kivuli cha kijiti hufikia ufupi wake wa mwisho kule dakika 37 hivi baada ya huku. Kidato cha kwanza na cha pili wasimike kijiti uwanjani, mtembezi asimike chake njiani, naye atume saa ambayo kivuli chake kilikuwa kifupi zaidi bila kusema yuko wapi. Wanafunzi wamtafute kwenye ramani kwa hesabu, na jioni ndipo simu yake itoe jawabu la setilaiti, yaani mahali hasa alipokuwa, ili wajue wamekosea kwa kilomita ngapi. Hilo kosa lenyewe, na mjadala wa chanzo chake, lina faida kuliko picha mia za mibuyu.

Vivyo hivyo kwa mwinuko. Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza waliofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walikadiria mwinuko kwa kupima joto la maji yanayochemka. Kipimajoto cha maabara kinatosha: pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, na Tabora, penye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 96 hivi.

Wapo watakaosema mtandao haupatikani kila pori. Ni kweli, lakini simu hupokea ishara za setilaiti hata bila bando, na tarakimu chache zinaweza kusubiri hadi mji unaofuata, zikatumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Wala wanafunzi hawahitaji simu zao, ambazo shuleni haziruhusiwi. Simu moja ya mwalimu na ubao vinatosha.

Ningeshauri safari ianze Julai, shule zinapofunguliwa. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku ni siku 60 za kutembea, na hata zikiongezwa za kupumzika, mtembezi atafika Ujiji kabla mvua za Kigoma hazijashika, wakati bado kuna jua la kupimia vivuli.