Nyuzi 45 zilivumilika, nyuzi 36 zikawalaza watu: swali kutoka Maskati

SWALI: Assalaam alaikum mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasimamia vijana 12 wa bustani na mabomba ya umwagiliaji hapa Maskati, upande wa Al Khuwair. Jumatatu simu ilionyesha nyuzi 45 na unyevu asilimia 12. Tukapiga kazi mpaka karibu na adhuhuri bila mtu kulalamika sana. Jumatano ikaonyesha nyuzi 36 tu, unyevu asilimia 70, nikawaongezea kazi kwa kuwa joto limepungua. Saa 4:30 asubuhi wawili walikuwa wamekaa chini wanatapika. Niifuate nambari gani ya utabiri? Na kipozeo cha maji kwenye hema la kupumzikia, mbona Jumatatu kilipoza vizuri na Jumatano kikawa kinapuliza mvuke? Kimeharibika?

JIBU: Wa alaikum salaam. Kipozeo chako ni kizima. Kilichokishinda Jumatano ndicho kilichowaangusha vijana wako: hewa ilikuwa imeshabeba maji mengi, imebakiwa na nafasi ndogo ya kupokea mengine. Anayefanya kazi juani hupozwa na jasho linapokauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini halimpozi. Ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Nambari ya kufuata ni nyuzi za umande, yaani kiwango cha joto ambacho hewa ikipozwa mpaka hapo, mvuke wake huanza kugeuka matone. Hewa yako ya Jumatatu ilikuwa na umande wa nyuzi 9 hivi. Ya Jumatano ilikaribia nyuzi 30. Februari ya Tanga au Dar es Salaam, ile ambayo shati linagandia mgongoni tangu asubuhi, umande wake huwa nyuzi 24 au 25. Kwa hiyo mtu aliyelelewa pwani yetu asijidanganye kwamba joto la unyevu amelizoea. La Maskati limepita lile aliloliacha nyumbani. Sababu ni bahari. Maji ya Ghuba ya Omani hufika nyuzi 30 na zaidi wakati wa kiangazi, na upepo unaopita juu yake huja umebeba mvuke wa kiasi hicho.

Unyevu wa asilimia usiutegemee peke yake, maana hubadilika kila joto linapobadilika hata kama mvuke uliomo hewani ni uleule. Nyuzi 31 na unyevu asilimia 90 alfajiri, na nyuzi 38 na unyevu asilimia 60 adhuhuri, zote mbili ni umande wa nyuzi 29. Msimamizi akiona 90 imeshuka mpaka 60 hudhani hewa imekauka. Haijakauka hata kidogo. Imepashwa joto tu. Programu nyingi za simu zinazo nyuzi za umande, ila zimefichwa ndani ya ukurasa wa maelezo ya saa kwa saa. Zitafute uziweke mbele.

Kwa kazi ya jembe na mabomba, chukulia hivi. Umande chini ya nyuzi 20, jasho linafanya kazi yake na adui ni jua na ukosefu wa maji. Kuanzia 24 kasi ya kazi ishuke. Ukifika 27, mapumziko ya kivulini yawe ya lazima kila saa, si ya anayejisikia kuchoka. Ukifika 29 au 30, kazi nzito isifanywe juani saa yoyote, hata kama ni saa 3 asubuhi au saa 11 jioni.

Kuna kipimo kingine kinachoeleza kwa nini mpaka uko hapo. Ukifunga balbu ya kipimajoto kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kukipulizia upepo, nyuzi hushuka mpaka mahali ambapo maji hayawezi tena kupoza. Kwa hewa ya Jumatatu zingeshuka mpaka 22 au 23. Kwa hewa ya Jumatano zingeishia 31. Ngozi ya binadamu ina nyuzi 35 hivi, kwa hiyo Jumatano mwili ulibakiwa na tofauti ya nyuzi 4 tu za kutupia joto lake. Watafiti wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, walionyesha mwaka 2022 kwamba vijana wenye afya, katika hewa yenye unyevu mwingi na kwa shughuli nyepesi za kawaida, hushindwa kulituliza joto la mwili kitambaa kinapofika nyuzi 31 hivi. Vijana wako walikuwa hapohapo, na walikuwa wanachimba.

Sasa upepo, maana Maskati upepo ndio unaoamua siku itakuwa ya aina gani. Mji umebanwa kati ya bahari na milima ya Hajar. Upepo wa gharbi unatoka jangwani, unavuka milima na kuteremka upande wetu. Hewa inayoteremka hubanwa, na kwa kila mita 1,000 huongezeka nyuzi 10 hivi huku ikizidi kukauka. Ndiyo Jumatatu yako. Upepo wa bahari kwa kawaida huingia katikati ya asubuhi ukiwa na nyuzi chache na mvuke mwingi. Ndiyo Jumatano.

Siku ya hatari kuliko zote ni ile inayoanza kwa gharbi kisha bahari ikashinda mchana. Joto linaanguka kutoka 44 hadi 37 ndani ya muda mfupi, watu wanasema alhamdulillahi kumepoa, na msimamizi anaona ni wakati wa kufidia kazi. Umande umeruka kutoka 10 hadi 29, na miili imeshatumia maji yake tangu asubuhi. Nyuzi zikishuka namna hiyo, punguza kazi.

Gharbi nayo isikutulize. Ikivuma usiku haiachi mtu apumzike. Tarehe 26 Juni 2018 huko Quriyat, kusini mashariki mwa Maskati, joto la chini kabisa la saa 24 lilikuwa nyuzi 42.6, yaani hata usiku wa manane halikushuka chini ya hapo. Ruwi na Matrah, mitaa ya Maskati, zina shida ya ziada: miamba myeusi iliyozizunguka hunywa jua kutwa na kulirudisha usiku. Mfanyakazi anayelala Ruwi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi kinachotegemewa huja kazini Al Khuwair mwili haujapoa tangu jana. Waulize vijana wamelalaje kabla hujagawa kazi.

Simu yako inakosea wapi? Programu nyingi hazipimi kitu. Zinachukua matokeo ya kompyuta za utabiri. Ile ya Ulaya, ECMWF, ambayo ni miongoni mwa bora kabisa, hukata uso wa dunia katika vipande vya kilomita 9 hivi. Maskati kipande kimoja kinaweza kubeba bahari, barabara kuu na mlima kwa pamoja, na joto linalotoka ni wastani wa hayo yote. Kipimajoto cha gari usikiamini. Kinasoma lami na injini. Vipimo rasmi huchukuliwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kivulini, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi, kwa hiyo vijana wako walioinama juu ya zege juani wako kwenye joto kubwa kuliko lililotangazwa.

Kwa hali ya sasa hivi, soma taarifa ya uwanja wa ndege, inayopatikana bure mtandaoni kwa jina la METAR na alama OOMS. Huja hivi, kwa mfano: OOMS 110650Z 04008KT 6000 NSC 36/30 Q0998. Namba 110650Z ni tarehe 11, saa 06:50 ya kimataifa. Ongeza saa 4 za Omani upate saa 4:50 asubuhi kwa saa zetu. 04008KT ni upepo unaotoka nyuzi 40 za dira, yaani kaskazini mashariki, kwa noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa): umetoka baharini. 36/30 ndiyo unayoitaka: joto 36, umande 30. Ukiona upepo unaoanza na 20 mpaka 28 na umande ulio chini ya 15, hiyo ni gharbi. Itazame kabla ya kuanza kazi, saa 3, na saa 5. Joto likishuka ghafla tazama tena.

Kwa kesho na keshokutwa, fungua ramani za utabiri kwenye tabaka la 850 hPa (hPa ni kizio cha kanieneo ya hewa), kama mita 1,450 juu ya bahari. Upepo wa pale ukitoka magharibi au kusini magharibi kwa nguvu, na joto la pale likiwa 31, ongeza 14 (zile nyuzi 10 za kila mita 1,000 za kuteremka) na utarajie 45 mjini, hata kama ukurasa wa mbele wa simu unasema 39. Upepo wa juu ukiwa dhaifu, upepo wa bahari utaingia kama kawaida. Tangazo la idara ya hali ya hewa ya Omani likitofautiana na programu ya simu, fuata la idara.

Sheria ya Omani inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni mpaka Agosti. Ifuate, lakini hao wawili walianguka saa 4:30 asubuhi, ndani ya muda halali. Qatar wameongeza sharti la kipimo: kazi ya nje husimama WBGT, yaani kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, ikizidi 32.1, saa yoyote. Kipimo hicho huchukua asilimia 70 ya nyuzi za kitambaa kilicholowa na kuachwa kwa upepo wa asili, asilimia 20 ya tufe jeusi lililowekwa juani, na asilimia 10 ya joto la hewa. Kadiria Jumatano: kitambaa 32 (hiki hakipulizwi kwa nguvu, ndiyo maana kimezidi ile 31 ya juu), tufe 48, hewa 36, inatoka 35.6. Jumatatu: kitambaa 24.5, tufe 56, hewa 45. Inatoka karibu 33. Zote mbili zimevuka, na ya nyuzi 36 imevuka zaidi. Ningekuwa na bajeti ya kifaa kimoja tu kwenye eneo la kazi, ningenunua kipima WBGT cha mkononi chenye tufe.

Maji yawe glasi moja, mililita 250, kila dakika 15 hadi 20, na mtu asipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu. Siku ya gharbi jasho hukauka kabla halijaonekana, hivyo mtu hudhani hatoki jasho. Mkojo wa rangi ya chai ndio utakaomwumbua. Mfanyakazi mgeni aanze kwa asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongezewe 20 kila siku. Aliyerudi kutoka likizo nyumbani aanze na nusu, kisha 60, 80, mpaka kazi kamili siku ya nne.

Anayetapika juani amemaliza kazi siku hiyo. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima huku anapepewa; akiweza kunywa bila kutapika, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogo kidogo. Akianza kusema ovyo, kuyumba, au kutojua yuko wapi, hicho ni kiharusi cha joto. Piga 9999 huku mwingine anaendelea kummwagia maji baridi na kumwekea barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Usimnyweshe chochote, na usisubiri gari la wagonjwa ndipo uanze kumpoza. Jasho likiwa bado linamtoka, hilo halithibitishi kwamba yu salama. Wanaougua wakiwa kazini mara nyingi bado wana jasho.

Kipozeo sasa. Kinapoza kwa kukausha maji kwenye pedi, na chenye pedi nzuri hufikia asilimia 80 ya tofauti kati ya joto la hewa na nyuzi za kitambaa. Jumatatu tofauti ilikuwa 22.5, kwa hiyo kiliweza kushusha nyuzi 18 na kutoa hewa ya 27. Jumatano tofauti ilikuwa 5. Kilishusha 4, kikatoa hewa ya 32 iliyojaa maji, na hema lililofungwa likawa bafu la mvuke. Umande ukipita 24, funga maji, bakiza feni peke yake, na inua pande za hema upepo upite. Siku ya gharbi fanya kinyume: washa maji, acha uwazi upande mmoja tu wa kutolea hewa, na usiwapulizie watu feni kavu, maana hewa ya nyuzi 45 inayopigwa mwilini huupasha joto. Pedi zisafishe kila wiki. Chumvi ya maji ya Maskati huziba matundu yake, na pedi iliyoziba hupoza nusu hata siku iliyo kavu kabisa.