Dozi ya TB imeisha, kikohozi kimerudi

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu, mfanyakazi wa korona (mtambo wa kuchakata mkonge), alimaliza dozi ya TB ya miezi sita mwaka jana. Sasa anakohoa tena, amekonda, na juzi makohozi yalikuwa na michirizi ya damu. Amepimwa mara mbili, TB haionekani. Ndugu wanasema aanzishiwe dozi upya. Je, inaweza kuwa kitu kingine?
Mama Sauda, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Inaweza. Kabla ya dozi nyingine, mwulizeni daktari habari ya fangasi wa mapafu.

TB hupona ikaacha tundu kwenye pafu. Humo huota fangasi aitwaye Aspergilasi, ambaye mbegu zake zimo hewani kila mahali. Dalili zake ni hizo ulizoandika, ndiyo maana wengi hudhaniwa TB imewarudia. Kipimo cha makohozi kiitwacho GeneXpert hutafuta TB tu. Fangasi hakimwoni kabisa.

Ombeni picha ya kifua, makohozi yapimwe fangasi, na damu ipimwe kingamwili za IgG, yaani askari wa mwili, dhidi ya Aspergilasi. Kipimo hicho cha damu ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu makohozi mara nyingi hayaoti kitu hata mgonjwa akiwa naye. Kisipofanyika hapo mlipo, ulizeni sampuli ipelekwe wapi.

Nimefanya kazi maabara muda mrefu, na kinachonisikitisha ni kopo lililojaa mate badala ya makohozi. Asukutue kwa maji asubuhi, akohoe kutoka ndani kabisa, myalete makohozi maabara siku hiyohiyo. Na fomu iandikwe wazi: aliugua TB, tunatafuta fangasi. Tusipoambiwa, kisahani cha kuoteshea huweza kutupwa baada ya siku mbili, wakati utando wa kijani-kijivu wa fangasi ndiyo kwanza unachipua. Ukiota nao, daktari ataulinganisha na picha, damu na muda wa kikohozi, maana mbegu moja ya hewani yaweza kuota bure.

Akithibitika, dawa ya kawaida ni itrakonazo, si chini ya miezi sita. Rifampisini iliyomo kwenye dozi ya TB huishusha sana nguvu itrakonazo, kwa hiyo kubahatisha zote mbili kutamwumiza. Wala msichelewe: pafu lililokwisha kuharibika halirudi.

Fangasi huyu haambukizi mtu kwa mtu. Ila mpaka daktari aseme TB haipo, laleni madirisha wazi. Mpeleke wiki hii. Akitema damu nyingi, usiku huohuo.