Frigeti Moja Ikipotea, Inauma: Maswali Yenu Kuhusu Vita vya Angani

Wiki hii wengi wenu mmeuliza kuhusu Homeworld, mchezo wa kompyuta wa vita vya meli za angani, wa studio ya Relic, uliotoka 1999. Nimefurahi, kwa sababu sijaona mchezo mwingine unaokufanya uipende meli moja moja kiasi hicho.

Habari kaka. Niko mtaa wa Umoja, Nairobi. Kila nikifika misheni ya 5 sina meli za kutosha na adui ananimaliza. Nakosea wapi?

Nzuri, ndugu yangu. Nadhani kosa lako lilianza mapema. Homeworld haikupi jeshi jipya kila misheni: meli ulizomaliza nazo ndizo utakazoanza nazo. Frigeti, yaani meli ya vita ya ukubwa wa kati, uliyoipoteza kizembe leo utaililia misheni tatu mbele.

Rudi misheni ya 3, pale mnaporejea Kharak, sayari yenu ya nyumbani, na kuikuta inaungua, huku frigeti za maadui wenu Taiidan zikipiga matrei, yaani vyombo vyenye watu 600,000 waliogandishwa usingizini. Wengi huzilipua frigeti hizo. Mimi huziteka. Peleka koveti za kuvuta, yaani meli ndogo za kuburuta nyingine, angalau mbili kwa kila frigeti, zitokee nyuma, na ndege ndogo zimchokoze adui kwa mbele. Koveti zitanata ubavuni, frigeti itatulia, kisha itaburutwa taratibu kama matatu iliyozima Thika Road mpaka kwenye meli mama. Ikishaingia ni yako, na hukutumia rasilimali kuiunda. Mara ya kwanza nilipofanikiwa niliruka kitini saa nane usiku, jirani akagonga ukuta.

Jingine: tazama mstari wa uhai wa kila meli. Ukianza kuwa mwekundu, itoe vitani hata kama unashinda, ikakarabatiwe na frigeti ya huduma. Na katika toleo la 1999, usiruke kwenda misheni nyingine kabla meli zako za uchimbaji hazijamaliza mawe yote ya angani yenye rasilimali. Inachosha kusubiri, lakini subiri.

Nipange meli kwa mtindo gani?

Frigeti za mzinga wa ayoni zipange ukuta, zote zikimtazama adui, maana hugeuka polepole sana. Usizitume kukimbizana na ndege ndogo, hazitazipata.

Laptopu yangu ni ya mtumba, nimenunua barabara ya Luthuli, mjini Nairobi. Itacheza?

Toleo la zamani, bila shaka. Mkusanyiko uliorekebishwa wa 2015 unakuja pia na matoleo ya awali, kwa hiyo ule mpya ukiwa mzito kwa mashine yako, fungua wa zamani. Ila angalia betri, dada. Zangu saa mbili za mchezo zilipotea stima ilipokatika bila taarifa, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa na sikuwa nimehifadhi. Sasa nahifadhi kabla ya kila pambano.

Kaka, nataka kuongoza kikosi kidogo EVE Online, ule mchezo wa angani wa mtandaoni. Intaneti ya huku Rongai itaniangusha?

Si kama unavyohofia. Seva ya EVE iko London na huhesabu matukio mara moja kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakukuui kama kwenye michezo ya bunduki. Kinachoua ni mtandao kukatika kabisa, basi weka bando la simu tayari. Anza na watu watano mnaosikilizana vizuri. Vita vikubwa vina uzito wake: Januari 2014, huko B-R5RB, eneo moja la nyota ndani ya mchezo, malipo ya umiliki wa eneo yalikosa kulipwa, vita vikalipuka kwa takriban saa 21, na meli 75 za daraja la Titan, zile kubwa kuliko zote, zikaangamia. Seva ilipunguza mwendo wa wakati hadi asilimia 10 ili kuhimili. Kodi ya nyumba tunaijua sisi wa Nairobi. Na huko angani ilipwe tarehe yake.

Kwenye Homeworld, misheni ya Bustani ya Kadesh imenishinda. Vile vijimeli ni kama nyuki!

Ni nyuki kweli, na nyuki hurudi mzingani. Vina kasi lakini mafuta huisha upesi, ndipo hukimbilia vyombo vyao vya mafuta. Zungusha koveti za bunduki nyingi kama tufe kando ya meli mama, ziamuru zilinde, zimfyatulie kila anayekaribia. Wimbi la kwanza likirudi kunywa mafuta, peleka frigeti zikavunje vile vyombo, kisha zirudi haraka kabla wimbi la pili halijafika.