Jibu: Tunahamia Dar na watoto wawili, Sinza au Kibaha?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: kazi yako itakuwa Posta, katikati ya jiji, watoto wako shule ya msingi, na hela ileile inakupa vyumba viwili Sinza au nyumba nzima yenye uwanja Kibaha.

Kabla ya kodi, angalia saa. Kibaha hadi Posta ni kama kilomita 40. Tulikaa huko miaka mitatu. Nilitoka saa kumi na nusu alfajiri, nikirudi watoto wamelala. Mwanangu wa mwisho nilikuwa nakaa naye Jumapili tu, na hilo liliniuma kuliko kodi yoyote.

Njoo kwanza peke yako, ulale Kibaha, Jumatatu asubuhi uende Posta na jioni urudi. Usipime Jumapili, barabara itakudanganya. Halafu waulize majirani, siyo dalali, maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki na njia ya mtaani inakuwaje masika. Sinza nako kuwe na macho: nyumba za karibu na mto Ng'ombe ziogope kabisa, kwa mafuriko.

Mimi ningetafuta Kimara, njiani kati ya Kibaha na mjini. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanatoka pale hadi Kivukoni, jirani na Posta, kwa njia yao wenyewe. Asubuhi kupanda ni kusukumana kwelikweli, lakini sisi tulipohamia huko nilianza kula chakula cha usiku na wanangu.

Wengine watakutajia Kigamboni, ng'ambo ya bandari; huko sijaishi, nawaachia waliokaa. Mama watoto atafanya kazi wapi? Hilo hukulisema, na linaweza kubadili kila kitu.