Wasomaji Wanauliza: Siku Moja Katika Vilima vya Tuscany, Italia

SWALI: Salaam, mama. Mwezi wa sita mume wangu ana kikao cha kazi Roma, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ndoa yetu ninaandamana naye. Watoto watabaki na nyanya yao Machakos. Kikao kikiisha tutalala Siena siku mbili, kwa hiyo tuna siku moja kamili ya kuzunguka ile miji ya vilimani. Mume wangu ameshaandika orodha: San Gimignano, Volterra, Montalcino, Pienza, Montepulciano na Cortona. Anasema tukitoka alfajiri tutaimaliza. Mimi nataka siku ambayo hatukimbii. Nimwambie nini?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Dada, mwombe akuchagulie miwili. Barabara zipo na gari litafika kote sita, lakini mtarudi Siena usiku mmechoka na hamjakaa popote. Najua kwa sababu safari yetu ya kwanza mimi na mzee wangu tulipiga hesabu kama hiyo. Tulipanga miji mitano. Kila mmoja ilikuwa ni kutafuta pa kuegesha chini ya ukuta, kupanda kilima, kupiga picha mbele ya kanisa, kushuka mbio, gari tena. Kufikia saa tisa alasiri hatukuwa tukisemezana, na leo nikizitazama zile picha sijui lango gani ni la mji gani. Mara ya pili tulichukua miwili tu. Hiyo ndiyo siku tunayoirudia kila tukikaa jioni na chai yetu, na ndiyo ninayokupa.

San Gimignano na Volterra ziko kaskazini-magharibi ya Siena, upande mwingine kabisa, kwa hiyo ziacheni. Zinastahili siku yake. San Gimignano imebakiwa na minara kumi na minne ya mawe iliyojengwa na matajiri wa kale. Volterra ina lango la Waetruski, watu wa kale walioishi huko kabla ya Warumi, ambalo mwaka 1944 wenyeji waliling'olea mawe ya barabara wakaliziba kwa mikono yao, ili jeshi la Wajerumani lisililipue. Nikipata uzima nitarudi huko. Lakini ninyi shikeni njia ya kusini-mashariki, mwingie bonde la Val d'Orcia. Kutoka Siena hadi Pienza ni kama kilomita 50, na kutoka Pienza hadi Montepulciano ni 13 hivi. Basi, hiyo ndiyo miji yenu miwili.

Ondokeni saa mbili asubuhi, mkiwa mmekunywa kahawa. Hakuna haja ya alfajiri. Mwezi wa sita jua la Tuscany huzama karibu saa tatu usiku, na sisi tuliozoea giza la saa kumi na mbili na nusu husahau kwamba kule jioni ni kama siku ya pili. Njiani mtaona ngano imeanza kugeuka rangi, na misanobari imepangwa mistari hadi kwenye nyumba za mashamba. Pale mnapotaka kusimama, simameni.

Pienza ni mji mdogo, unaweza kuutembea wote kwa nusu saa, na ndiyo maana nautanguliza: haukudai chochote. Zamani kilikuwa kijiji kiitwacho Corsignano. Mwaka 1405 alizaliwa hapo Enea Silvio Piccolomini, ambaye mwaka 1458 alichaguliwa kuwa Papa Pio wa Pili. Mwaka uliofuata akamleta mjenzi Bernardo Rossellino akijenge upya kijiji cha kwao. Katika miaka mitatu hivi kanisa kuu, jumba la familia na uwanja vilikuwa vimesimama, na mji ukapewa jina la Papa mwenyewe. Mtu aliyefanikiwa mbali akarudi kujenga kwao: hadithi hii ni yetu kabisa, na niliposimama katikati ya ule uwanja nilimwelewa yule mzee kuliko nilivyowahi kumwelewa Papa yeyote wa vitabuni. Ingieni kanisani asubuhi, jua likiwa linapita. Alitaka liwe na madirisha makubwa, na mwanga humwagika ndani mpaka mawe yanaonekana kama maziwa. Kisha tazameni upande wa madhabahu: umekuwa ukizama tangu zamani, kwa sababu walijenga ukingoni mwa mteremko na udongo haukustahimili.

Nyuma ya kanisa kuna njia inayofuata ukuta wa mji. Hapo ndipo nataka mkae. Bonde lote liko chini yenu, na ng'ambo unasimama mlima Amiata, mita 1,738, kimo kinachokaribiana na cha Nairobi yetu. Mzee wangu alikaa pale akanyamaza karibu saa nzima, kisha akaanza kunieleza habari za shamba la baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia, na tumekaa pamoja zaidi ya miaka ishirini. Sijui ni bonde lile, au ni kwamba kwa mara moja hakuna aliyetazama saa. Siku ile ya miji mitano asingepata nafasi ya kusema hayo.

Kabla ya kuondoka nunueni jibini ya kondoo, pecorino. Harufu yake utaipata mlangoni kabla hujaona duka. Mama aliyetuuzia alichukua gurudumu dogo lililofungwa majani makavu ya mjozi, akayabandua moja moja, na mishipa ya majani ikabaki imechapwa kwenye ganda kama alama ya mkono. Akakata kipande chembamba, akampa mzee, akasubiri atafune kabla ya kuninyoshea changu. Mwanzo ni ladha ya karanga, chumvi huja nyuma. Wafugaji wengi wa bonde hilo ni kizazi cha watu wa Sardinia, waliokuja na kondoo wao baada ya Vita vya Pili, wakati wenyeji walipokuwa wanayahama mashamba kwenda mijini.

Chakula cha mchana kileni hapohapo Pienza, na saa sita na nusu muwe mmekaa mezani. Jikoni nyingi hufungwa karibu saa nane na nusu, na ukichelewa utajibiwa kwa upole kwamba hakuna. Agizeni pici, tambi nene za kusokotwa kwa mkono, zisizolingana unene.

Montepulciano ni mrefu na mkali zaidi, mita 605 juu ya bahari, na barabara yake kuu hupanda kuanzia lango la chini hadi Piazza Grande, uwanja mkuu ulio kileleni. Vaa viatu bapa. Jumapili ya mwisho ya Agosti mitaa minane ya mji hushindana kusukuma mapipa ya mvinyo ya kilo 80 kuupanda mlima huo, watu wawili kwa kila pipa. Ninyi mtaupanda mikono mitupu, kwa hiyo msiufanye mashindano. Chini ya majumba mna maghala ya mvinyo yaliyochimbwa ardhini, yenye baridi nzuri wakati nje kunawaka. Mkishuka, piteni kanisa la San Biagio nje ya kuta. Lilianza kujengwa mwaka 1518, nalo limesimama peke yake kwenye nyasi. Kwangu mimi ni zuri kuliko makanisa yote ya juu mjini.

Mkirudi Siena, chepukeni Bagno Vignoni. Siuhesabu kuwa mji wa tatu. Ni kijiji ambacho uwanja wake ni bwawa la maji ya moto yatokayo ardhini. Kwenye bwawa lenyewe hairuhusiwi kuoga, lakini maji hufuata mifereji hadi ukingoni mwa kijiji, kwenye vinu vya zamani, na hapo watu huvua viatu na kutia miguu. Sisi tulikaa hapo mpaka vidole vikakunjamana.

Usimwambie mumeo kwamba orodha yake ni mbaya. Ameiandika kwa hamu, na hamu hiyo ni yako pia. Mwambie nyuma ya kanisa la Pienza kuna ukuta wa kukalia, na unataka mkae naye pale.

SWALI: Mama, mimi na mke wangu tutaendesha gari la kukodi huko Italia. Leseni ya Kenya inatosha? Na hizi faini ninazosikia ni kweli?
Msomaji, South C

JIBU: Leseni yako peke yake haitoshi, ndugu yangu. Beba pamoja nayo kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho hutolewa na AA, chama cha wenye magari, hapa Nairobi. Kishughulikie mapema. Kumbuka pia kwamba wanaendesha upande wa kulia, na ukitaka gia zinazojibadilisha zenyewe useme unapoagiza gari, kwa maana mengi ni ya gia za mkono.

Faini ni kweli, na nililipa. Mitaa ya ndani ya miji mingi ya kale imefungiwa magari ya wageni. Mlangoni huwekwa kibao cheupe chenye duara jekundu na maneno Zona a Traffico Limitato, na kamera juu yake. Sisi tulikipita tukifuata ramani ya simu. Hakuna askari aliyetusimamisha. Miezi kadhaa baadaye barua ikafika nyumbani, na kampuni iliyotukodisha ilikuwa imeshakata ada yake kwenye kadi kwa kutoa jina letu. Mzee aliumia, si kwa fedha tu, bali kwa sababu hajawahi kupigwa faini maishani mwake. Egesheni nje ya kuta kila mara. Mistari myeupe ni bure, ya buluu ni ya kulipia, ya manjano ni ya wenyewe.

Kama hutaki gari kabisa, mabasi yapo kutoka Siena kwenda Pienza na Montepulciano. Ila epuka Jumapili.

SWALI: Sisi ni Waislamu, na nimeambiwa huko kila kitu kina nguruwe na mvinyo. Tutakula nini siku nzima?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Mtakula, dada, ila muulize. Mchuzi wa nyama mara nyingi ni wa nguruwe mwitu, cinghiale, na hata supu ya maharagwe huweza kukaangiwa mafuta ya nguruwe. Sema "senza maiale", bila nguruwe, na "senza vino", maana mvinyo hutiwa hata jikoni. Pici all'aglione huandaliwa kwa nyanya na vitunguu saumu, bila nyama, na hicho ndicho chakula ningekiagiza hata bila sharti lolote. Kuhusu jibini, ile ya kienyeji hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama au mwanakondoo. Kama hilo ni jambo kwenu, ulizeni dukani kabla ya kukatiwa.

Mkate wa huko hauna chumvi. Msidhani mwokaji amesahau, ndivyo wanavyooka. Umwagie mafuta ya zeituni, nyunyiza chumvi mwenyewe, na uombe nyanya iliyoiva pembeni.